Kijiko cha chai si kipimo cha dawa ya mtoto

Haya ni mazungumzo ya afisa wa habari wa kaunti kwa wazazi na walezi waliokutana Adams Arcade. Tumeyachapisha kwa ajili ya wakazi ambao hawakuweza kufika.

Asanteni kwa kuja, hasa nyinyi mliotembea kutoka Kibra na Woodley na watoto mgongoni, na nyinyi mlioacha vibanda vyenu Toi mkamwachia jirani biashara. Wazee wa hapa wananikumbusha kwamba zamani watu walikuja Adams kutazama filamu katika sinema ya Metropole. Leo mtanitazama mimi, na sina picha za kuwaonyesha ila vijiko.

Tuliwaomba kila mmoja aje na kijiko anachotumia nyumbani kumpa mtoto dawa. Kabla hatujaanza nimevijaza maji baadhi yake, kisha nikayavuta maji kwa sirinji ili nione vinabeba kiasi gani. Chupa nyingi za dawa ya maji ya watoto zikisema kijiko kimoja, zinamaanisha mililita 5. Kijiko kidogo zaidi hapa mezani kimebeba mililita 3. Kile kikubwa, ambacho mwenyewe anacheka pale nyuma, kimebeba karibu 7. Wenye vijiko hivi viwili wote wangemwambia daktari, bila kudanganya, "Nimempa kijiko kimoja." Mtoto wa kwanza amepewa pungufu na homa haishuki. Wa pili amezidishiwa karibu nusu, mara nne kwa siku.

Mimi si daktari. Nilisomea uandishi wa habari, na haya nitakayosema nimeyapitia na mfamasia na wauguzi kabla ya kuja mbele yenu. Lakini sababu ya kuchagua jambo hili ni ya nyumbani kwangu.

Mtoto wetu wa kwanza alikuwa na miezi sita, kilo 7. Mke wangu alikuwa kazini zamu ya usiku. Saa nne usiku mtoto akachemka, akalia, hakuna kulala. Nilikuwa nimenunua chupa ndogo ya matone ya paracetamol. Katika chupa hiyo kuna kitone chake cha kupimia, chenye alama. Kitone kilikuwa kimepotea. Nikakumbuka kwamba mtoto wa dada yangu hupewa kijiko kimoja cha dawa hiyo hiyo, paracetamol, nikachukua kijiko, nikajaza, nikampa. Akalala. Nikajiona baba hodari.

Mke wangu aliporudi alfajiri aliishika ile chupa, akaniuliza nimempa kiasi gani, kisha akakaa chini. Dawa ya mtoto wa dada yangu ilikuwa sirapu, ambayo kila mililita 5 ina miligramu 120. Yangu ilikuwa matone, na matone huwa makali: kila mililita 1 ina miligramu 100. Kijiko changu kilikuwa na miligramu 500. Hicho ni kidonge kizima cha mtu mzima, ndani ya mtoto wa kilo 7.

Tulikimbia hospitali. Damu ikapimwa, tukawekwa hapo tukimtazama, na namshukuru Mungu ini lake halikudhurika. Leo anaenda shule. Kilichoniuma ni kwamba sikuwa mlevi, sikuwa mzembe, na chupa ilikuwa na maandishi ambayo ninaweza kuyasoma. Niliamini neno paracetamol na nikaamini kijiko. Daktari aliniambia pia jambo ambalo wengi hatulijui: mtoto aliyezidishiwa paracetamol anaweza kuonekana mzima siku nzima ya kwanza, anacheza, ananyonya, kumbe ini linaumia. Kwa hiyo ukigundua umekosea, usingoje uone atakuwaje. Usimtapishe. Beba chupa yenyewe, nenda hospitali, na useme ukweli kuhusu kiasi na saa. Hakuna atakayekupiga.

Sasa, kipimo sahihi kinatoka wapi? Kinatoka kwenye uzani. Watoto wawili wa miaka miwili, mmoja ana kilo 9 na mwenzake kilo 14, hawawezi kunywa dawa sawa kwa sababu tu walizaliwa mwezi mmoja. Paracetamol hupigiwa hesabu ya miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo ya mtoto, kila baada ya saa nne hadi sita, na isizidi mara nne katika saa 24. Mtoto wangu wa kilo 7 alihitaji miligramu 70 hadi 105. Kwa ile sirapu ya 120, hiyo ni kama mililita 3 hadi 4. Kwa matone yale makali, haifiki hata mililita moja na nusu. Na mtoto aliye chini ya miezi miwili asipewe dawa ya homa na mtu yeyote nyumbani. Mtoto mchanga hivyo akipata homa, huyo ni wa hospitali usiku huo huo.

Sikuombeni mfanye hesabu hizi saa nane za usiku. Naomba mfanye kitu kimoja mchana. Mnapoenda kemisti au kliniki kuchukua dawa, bebeni kile kijitabu cha Mama na Mtoto, fungueni ukurasa wa uzani, mwambieni aliye kaunta, "Mtoto wangu ana kilo hizi, nionyeshe kwenye sirinji." Achukue kalamu aweke alama. Sirinji ya plastiki isiyo na sindano ni bei ndogo sana, na dawa nyingine huja nayo ndani ya pakiti. Kama mtoto hajapimwa miezi mingi, mhamasishaji wa afya ya jamii wa mtaa wenu anaweza kumpima. Tangu Septemba 2023 wahamasishaji hawa walipoanza kupewa mikoba ya vifaa, mizani ni mojawapo ya vilivyomo.

Kuna kosa jingine linalotokea sana katika nyumba zetu za Nairobi kwa sababu mtoto mmoja ana walezi watatu. Mama anampa dawa saa kumi na mbili asubuhi kabla ya kuwahi matatu. Dada wa nyumbani anaamka, anamkuta na joto, anampa tena saa moja. Shosho anakuja kumwona mjukuu saa tatu, anaiona chupa mezani, naye anafanya wema wake. Hakuna hata mmoja aliyekosea, na mtoto amekunywa tatu ndani ya saa tatu. Bandikeni karatasi kwenye mlango wa kabati: saa, jina la dawa, kiasi, aliyempa. Nyumbani kwetu kalamu imefungwa kwa uzi pale pale, maana kalamu za nyumba yetu zina miguu.

Na dawa moja inaweza kuwa na majina mawili. Calpol ni paracetamol. Panadol ya watoto ni paracetamol. Sirapu kadhaa za mafua zina paracetamol ndani pamoja na vitu vingine. Ukimpa hii ya homa na ile ya mafua, umempa mara mbili. Someni maandishi madogo yanayotaja kilichomo, msisome jina kubwa peke yake. Asipirini usimpe mtoto kabisa, hata kipande, isipokuwa daktari mwenyewe ameandika.

Nizungumze kuhusu kikohozi, kwa sababu Juni na Julai hapa Ngong Road baridi inatupiga na kemisti zinajaa. Kikohozi kingi na mafua ya watoto huletwa na virusi. Amoxicillin haiui virusi. Mkinunua chupa ya antibayotiki kwa kila kikohozi, mnamzoesha mdudu dawa, na siku mtoto atakapopata nimonia ya kweli itakuwa shida. Nimonia ikithibitishwa, vituo vyetu hutoa amoxicillin ya vidonge vinavyoyeyuka kwenye maji kidogo au maziwa ya mama, na mtoto humaliza siku zote alizoandikiwa hata kama amepata nafuu siku ya pili. Ile ya unga ndani ya chupa huongezwa maji yaliyochemshwa yakapoa, mpaka kwenye alama, na hutikiswa kila mara kabla ya kupima, la sivyo dawa inakaa chini na juu mnampa maji matamu. Baada ya siku zilizoandikwa kwenye chupa, mwageni. Usimwekee mdogo wake.

Kwa mtoto aliyetimiza mwaka, kijiko cha asali na kitu cha uvuguvugu husaidia kikohozi kama sirapu nyingi za dukani, pengine zaidi. Chini ya mwaka mmoja asali hapana, kwa sababu inaweza kubeba vijidudu vinavyotoa sumu ambayo tumbo la mtoto mchanga haliwezi kushindana nayo.

Kisha kuna hili ambalo watu hulisema kwa kunong'ona. Kuna walezi wanaompa mtoto Piriton au sirapu ya kikohozi ili alale tu, awape nafasi ya kufanya kazi. Najua uchovu wa kubaki na watoto wanane katika chumba kimoja, sitajifanya siujui. Lakini dawa zile zinaweza kupunguza hata pumzi ya mtoto mdogo. Ukimchukua mtoto kwa mlezi kila jioni amelegea, haamki vizuri, hataki kunyonya, uliza kwa upole lakini uliza.

Wengi mliniuliza mlangoni kuhusu sirapu zenye sumu. Oktoba 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa onyo kuhusu sirapu za watoto zilizopatikana Gambia, ambako takriban watoto 70 walikufa kwa kuharibika figo. Ndani yake kulikuwa na daiethilini glaikoli, kemikali ya viwandani ambayo haifai kabisa kuwa kwenye dawa. Halafu Aprili 2024 Nigeria ikasema imeipata kemikali hiyo katika bechi moja ya Benylin ya watoto iliyotengenezwa Afrika Kusini, nambari 329304. Hapa kwetu Bodi ya Famasia na Sumu ikaagiza bechi hiyo isiuzwe. Kampuni yenyewe ilisema vipimo vyake havikuipata kemikali hiyo.

Niliangalia watu walivyoipokea habari ile. Wengine walitupa kila chupa ya sirapu nyumbani. Wengine hawakuangalia chochote kwa sababu walikuwa wamekwisha tupa pakiti yenye nambari ya bechi. Wekeni pakiti mpaka dawa iishe. Nunueni kemisti yenye cheti cha Bodi kikiwa kimetundikwa ukutani, si kwenye gunia la barabarani, hata kama ni nusu bei. Kama mtoto aliyekuwa akinywa dawa anaacha kukojoa, hiyo ni dharura. Bodi iko Lenana Road, si mbali na tulipo. Dawa yenye rangi tofauti au harufu ya ajabu, au iliyomletea mtoto madhara, wapelekeeni habari.

Kuharisha nitapita haraka kwa sababu wengi mnajua: maji ya chumvi na sukari ya pakiti, yaani ORS, pamoja na zinki. Angalieni pakiti inataka nusu lita au lita nzima, msikisie. Zinki hunywewa siku 10 hadi 14, hata kuharisha kukiisha siku ya tatu: miligramu 20 kwa siku, na 10 kwa aliye chini ya miezi sita. Akitapika ORS, ngoja dakika kumi, endelea polepole. Kunyonya kusisimame.

Namna ya kumpa: mkalishe nusu wima mapajani, kamwe asilale chali. Ncha ya sirinji iende ndani ya shavu, si kooni, na usukume kidogo kidogo akimeza. Usimzibe pua. Naona akina shosho wananitazama, lakini mtoto akizibwa pua huivuta dawa ikaingia kwenye mapafu. Usiimwage kwenye chupa nzima ya maziwa, maana akibakisha maziwa amebakisha dawa. Wala usiiite peremende. Vidonge vya madini ya chuma ambavyo mama mjamzito hupewa kliniki vinafanana na peremende tayari, na vichache tu vinaweza kumuua mtoto wa miaka miwili. Viwe juu, kwenye kabati lenye kitasa.

Mtoto asiyeweza kunyonya wala kunywa, anayetapika kila kitu, aliyepata degedege, au aliyelegea asiamke, huyo hahitaji sirapu yenu. Mpelekeni Mbagathi, Kenyatta, au popote palipo karibu, wakati huo huo.

Sirinji ziko kwenye meza ya kushoto, moja kwa kila familia. Mizani iko pale kivulini na muuguzi anasubiri. Fungueni vijitabu, wenye watoto wa chini ya mwaka mmoja watangulie, na kama chupa mnayotumia iko kwenye mkoba, itoeni awaonyeshe alama. Na yule mwenye kijiko cha mililita 7, mama, kijiko chako ni hiki hapa, ni kizuri kwa uji.