Springi Ndogo ya Kabureta: Hotuba ya Fundi wa Magari ya Chama katika Sherehe ya Miaka 10, Nyasura



Nilipoarifiwa kwamba nimewekwa miongoni mwa wasemaji wa leo, nilistaajabu. Wenzangu wamekwisha kuwasimulia habari za pamba na hesabu za miaka hii 10. Mimi ni fundi wa magari, na elimu yangu imo katika spana na bisibisi. Lakini Katibu aliniambia, “Mzee wangu, sema lile unalolijua.” Basi nitasema habari za springi moja isiyozidi urefu wa kidole, na waya mmoja, vilivyomo katika Kombi yetu kuukuu iliyosimama hapo nje.

Gari lile wengi mnalijua. Ni Volkswagen iliyotengenezwa mwaka 1970, nalo ndilo gari la kwanza la Chama hiki. Lilipotufikia lilikuwa limekwisha kuona mengi. Magari ya ukoo huo yalianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1950, na kiwanda cha mwisho kilichoyatengeneza, huko Brazili, kiliacha mwaka 2013. Ndugu yao mdogo, Volkswagen ile ya mgongo wa duara, alishinda mashindano ya East African Safari mwaka 1962, katika vumbi na matope ya nchi zetu hizi. Kwa hiyo, mtu asidhani kuwa gari la zamani ni gari baya. Ubaya hutoka katika mikono ya anayelitunza.

Na hapa sina budi kuanza na kosa langu mwenyewe.

Msimu mmoja wa pamba, springi ya kabureta ya Kombi ilikatika. Ilinipasa kusema, “Gari hili halitoki leo.” Lakini makarani walikuwa wakingojewa vijijini, nami sikuwa na springi nyingine. Nikakata kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli, nikakifunga mahali pa springi. Siku 3 kilifanya kazi vizuri, nami nikajisifu moyoni kwa ujanja wangu. Siku ya nne asubuhi, tulipokuwa tukiingia hapa Nyasura, niliona wanafunzi wanavuka barabara. Nikaondoa mguu kwenye pedali ya mafuta. Gari halikupungua mwendo. Mpira ulikuwa umelainishwa na moto wa injini na mvuke wa petroli, ukakatika, na kabureta ikabaki wazi.

Nilikanyaga klachi, injini ikalia kama inataka kupasuka. Nikakanyaga breki, nikazima switchi. Gari lilisimama hatua chache tu mbele ya mtoto wa kike aliyekumbatia madaftari yake. Alinitazama, kisha akavuka akaenda zake. Mimi nilikaa kando ya barabara mikono ikinitetemeka, hata nikashindwa kushika bisibisi.

Ndugu wanachama, tangu siku ile nimeona ni wajibu wangu kueleza jambo hili kila nipatapo nafasi.

Kabureta ni chombo kinachochanganya hewa na petroli. Kwa kadiri, uzito wa hewa huwa mara 15 ya uzito wa petroli. Ndani yake mna kibati cha duara, ambacho mafundi hukiita kipepeo. Kipepeo kikifunguka, mchanganyiko mwingi huingia katika injini na gari hukimbia. Kikijifunga, injini hutulia. Mguu wa dereva hukifungua kwa njia ya waya unaotoka penye pedali, ukapita chini ya sakafu ndani ya bomba jembamba, hata ukafika kwenye injini iliyo nyuma ya gari. Lakini waya huvuta tu. Hauwezi kusukuma. Kazi ya kukifunga kipepeo, mguu unapoondolewa, ni ya springi. Tena waya wenyewe usiporudi kwa wepesi ndani ya bomba lake, springi hata ikiwa nzima hushindwa. Ndiyo sababu viwili hivi hukaguliwa pamoja.

Kuvirudisha mahali pake si kazi ya miujiza. Kwanza ngoja injini ipoe, toa waya mmoja wa betri, na mtu asivute sigara karibu. Legeza skrubu inayoushika waya kwenye mkono wa kabureta, kisha uuchomoe waya wote uutazame kwa urefu wake. Ukiona uzi mmoja tu umekatika na kusimama kama mwiba, usiutie tena. Mwiba huo utakwama ndani ya bomba siku usiyoitarajia. Safisha bomba, paka waya mpya mafuta kidogo tu, kwa maana grisi nyingi hukusanya vumbi na kugeuka udongo.

Pili, mwambie mwenzako akanyage pedali mpaka mwisho, nawe ukaze skrubu huku ukiacha nafasi ya milimita 1 hivi kati ya mkono wa kabureta na kizuizi chake. Bila nafasi hiyo, kila dereva akikanyaga kwa nguvu huunyonga waya na kuuchosha kabureta.

Tatu, tia springi iliyo sawasawa. Iliyo dhaifu haitakifunga kipepeo. Iliyo kali mno huulemea waya, tena hula tundu la mhimili wa kipepeo, hewa ikapenya pembeni, na sailensa ya gari ikakosa utulivu. Ndoano zake zishike barabara. Kisha, kabla ya kuwasha, vuta mkono wa kabureta kwa kidole na kuuachia mara 10. Kila mara urudi wenyewe, upesi, mpaka mwisho. Ukisitasita hata mara moja tu, kazi haijesha.

Na dereva atakayepatwa na jambo lililonipata akumbuke hivi: klachi, toa gia, breki, zima switchi. Asichomoe ufunguo kabla gari halijasimama, kwa kuwa katika magari mengine usukani hujifunga.

Huenda mjumbe mmoja akauliza moyoni, “Mambo haya yatuhusu nini sisi wakulima?” Yanatuhusu kwanza kwa kuwa gari ni mali yetu, na watoto walioko barabarani ni wetu. Lakini yanatuhusu kwa namna nyingine pia. Marehemu Paul Bomani, aliyezaliwa Ikizu, si mbali na hapa, mwaka 1925, na wenzake walianza kazi yao kwa jambo dogo la namna hii: pamba ya mkulima ipimwe na mtu anayeaminiwa na mkulima. Kutoka kwenye mizani ile walifika, mwaka 1955, kwenye Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria. Viongozi ndio waya unaovuta chombo mbele, na ni vema wavute. Mwanachama anayehudhuria mkutano mkuu, akauliza hesabu na kungoja jibu, ndiye springi inayorudisha. Vyama vikuu vilivunjwa mwaka 1976, vikarudishwa kwa sheria ya mwaka 1982, nasi tuliorudishiwa tusikubali kufungwa kwa kipande cha mpira.

Kwa hiyo naomba mambo mawili tu mbele ya Halmashauri. Kila gari la Chama liwe na springi moja na waya mmoja wa akiba ndani yake, vipya, wala visiazimwe. Tena dereva yeyote, au fundi yeyote, akisema asubuhi, “Gari hili halitoki leo,” asilaumiwe, hata kama makarani wanangojewa. Laiti ningalikuwa na ujasiri wa kusema maneno hayo asubuhi ile.

Mtoto yule sijui jina lake. Bila shaka amekwisha kuwa mtu mzima, na pengine yumo humu ukumbini. Kama yumo, namwomba radhi mbele yenu nyote.

Nawatakieni nyote miaka mingine 10 ya heri na mavuno mema.