Kura ni Amana, na Utu wa Jirani pia ni Amana

(Hotuba iliyotolewa kwa waumini wa Berega, wilayani Kilosa)

Baada ya Tashahhud na Taawudh:



Katika Surat An-Nisaa Mwenyezi Mungu anatuamuru kuwapa amana wanaozistahili, na tuhukumupo baina ya watu tuhukumu kwa uadilifu. Kura ni amana. Lakini kila uchaguzi ukaribiapo, hutokea watafuta kura wanaowatia watu hofu juu ya kundi dogo lisiloweza kujitetea. Leo nitasema juu ya kundi ambalo wengi wetu hatupendi hata kulitaja: watu wa mapenzi ya jinsia moja.

Mafundisho ya Uislamu juu ya ndoa ni dhahiri. Ndoa ni agano baina ya mwanamume na mwanamke, na hilo halibadilishwi na kura. Swali langu ni jingine. Je, imani hiyo inatupa ruhusa ya kumdhulumu asiyeifuata?

Tuwatazame jirani zetu wa Kenya. Tarehe 4 Agosti 2010 walipiga kura ya maoni juu ya katiba mpya. Waislamu wa huko waliingia katika siku hiyo na hofu, kwani viongozi wengi wa makanisa waliipinga rasimu, sababu mojawapo ikiwa ni Mahakama za Kadhi zilizokuwamo. Watu wa mapenzi ya jinsia moja nao walikuwa na tumaini, kwa sababu rasimu iliahidi heshima ya utu kwa kila mtu. Na walikuwa na hofu, kwani Februari ya mwaka huo huo, huko Mtwapa, ulizuka uvumi wa harusi ya wanaume wawili. Baadhi ya viongozi wa dini, wetu wakiwamo, wakahubiri kwa ukali. Umati ukawapiga walioshukiwa na kukizingira kituo cha afya.

Rasimu ilipita kwa zaidi ya theluthi mbili ya kura halali. Makadhi wakabaki. Ndoa ikaandikwa kuwa ni ya watu wa jinsia mbili tofauti. Na heshima ya utu ikaandikwa kwa wote. Basi Mwislamu aliyeshukuru kwamba haki yake haikufutwa na walio wengi, atawezaje kushangilia utu wa mwingine ukikanyagwa kwa sababu tu ni mchache?

Hapa kwetu Tanzania sheria inaadhibu vitendo hivyo, hata kwa kifungo cha maisha. Lakini mwishoni mwa Oktoba 2018, aliyekuwa Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam, Paul Makonda, alipowataka wananchi wampelekee majina ya wanaoshukiwa, siku chache baadaye Wizara ya Mambo ya Nje ilitamka kuwa hayo ni maoni yake binafsi, si msimamo wa Serikali.

Ndugu zangu, sisi tulikuwa na jibu kabla ya Wizara. Surat Al-Hujurat inakataza dhana mbaya na kupelelezana, nayo inaamuru habari ichunguzwe kabla watu hawajadhuriwa kwa ujinga. Surat An-Nur inaagiza viboko themanini kwa amzuliaye mwanamke mtwaharifu uzinzi bila kuleta mashahidi wanne. Dini iliyoufunga ulimi namna hii haikumwachia mtu yeyote kuandika jina la jirani kwa kumtazama mwendo au mavazi.

Hapa Berega hospitali yetu ni ya Kanisa la Anglikana, nasi hutibiwa humo pamoja na Wakristo. Tunajua maana ya kuhudumiwa na mtu asiyekubaliana na itikadi yako. Mgonjwa anayeogopa kufika hospitalini kwa sababu ya ndimi zetu hubaki na ugonjwa wake kijijini, na dhambi ya hofu hiyo ni yetu.

Basi siku ya uchaguzi mwulizeni mgombea juu ya maji, barabara, dawa na uadilifu wake. Akiwajibu kwa kuwataja watu wa kuchukiwa, jueni hana jibu. Msichukue uvumi, wala msiinue mkono juu ya mtu.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa mashahidi wa haki hata kwa tusioafikiana nao. Amin.