Hotuba ya Kamati Inayoondoka: Kutoka Kiti cha Meya Hadi Meza ya Ushauri

 

Leo tuna mambo mawili. Tunasherehekea miaka kumi ya kuweka akiba pamoja, na sisi kamati ya kwanza tunakabidhi daftari na funguo za sanduku kwa kamati mpya. Tunajua wasiwasi upo. Wengine wanauliza, "Hawa wakitoka, si kikundi kitavunjika?" Wengine wanauliza sisi tutabaki kufanya nini. Basi tumeona tuwakumbushe habari za mama mmoja wa Nairobi.

Huyo ni marehemu Margaret Wambui Kenyatta, binti wa Mzee Jomo Kenyatta. Vijana, msimchanganye na yule Margaret aliyekuwa Mama wa Taifa kuanzia 2013 hadi 2022. Huyu wetu alizaliwa mwaka 1928. Aliingia Baraza la Jiji kama diwani mwaka 1963, na mwaka 1970 akawa meya. Kisumu walikuwa wametangulia, maana Grace Onyango alikuwa meya huko mwaka 1965. Lakini Nairobi ilikuwa haijapata meya mwanamke.

Mtasema alikuwa binti wa Rais. Ni kweli, na hatulifichi. Jina la baba hufungua mlango. Lakini shida za jiji ni maji, taka, masoko na nyumba, na jina peke yake halizoi taka.

Mwaka 1976 akaacha umeya. Je, alikwenda nyumbani kukaa? La! Aliiwakilisha Kenya miaka kumi katika UNEP, shirika la Umoja wa Mataifa la mazingira, ambalo makao yake yako hapo Nairobi. Mwaka 1978 likaanzishwa Habitat, la mambo ya makazi, nako akawa mwakilishi wetu. Kazi ya huko ni kusoma makaratasi, kusikiliza na kutoa maoni ili sera ziwe nzuri. Mtu aliyekaa miaka sita na shida za jiji hakwenda mikono mitupu.

Kisha Julai 1985, miaka tisa baada ya kutoka umeya, wanawake wa dunia walikutana Nairobi, naye akachaguliwa kuwa rais wa mkutano ule. Mikakati iliyopitishwa pale ilitaka, pamoja na mengine, wanawake wapate mikopo. Akina mama, hiyo ndiyo kazi yetu ya kila Jumamosi! Alifariki Aprili 2017, akiwa na miaka 89.

Sasa tuseme ya kwetu. Kuanzia leo sahihi ya benki si yetu, na namba ya siri ya simu ya kikundi si yetu, ibadilisheni leo hii. Tutakuja Jumamosi kama kawaida, tutatoa mchango wetu na kukaa mkekani na wengine. Mkituuliza juu ya ile ploti, tutawaambia yote tunayojua: bei, mipaka, na maswali ya kumuuliza muuzaji. Lakini kukata shauri ni kwenu.

Cheo ni dhamana. Pokeeni funguo.