Mdomo wa Sululu na wa Kitwitwi

Wasikilizaji wangu, maji yakupwapo katika hori ya Mida, karibu na Watamu, tope hujaa ndege wa pwani. Mtawatambuaje? Tazameni midomo. Mwenye mdomo mrefu uliopinda chini ni sululu, naye hupenda kaa. Yule mdogo wa kijivu, mdomo mweusi uliopinda kidogo, adungaye tope upesi kama sindano ya cherehani, ni kitwitwi atokaye Siberia. Arukapo huonyesha kiuno cheupe.

Pengine mtaona ajabu: mdomo umefumbwa, mara ncha ya juu yainuka peke yake kama kidole. Watoto husema umevunjika, wakamkimbilia wamshike. Haukuvunjika! Karibu na ncha mfupa wa juu ni mwembamba, hupindika. Na misuli ya kichwani husukuma vijifupa mbele hata ncha ikainuka. Kwa nini? Mdomo uliozama topeni, kuupanua wote ni kazi kubwa, maana tope huubana pande zote. Yeye hufungua ncha tu, akamkamata mnyoo asiyemwona, kwa kuwa ncha hiyo ina neva nyingi za kuhisi.

Mwezi wa Aprili kifua cha kitwitwi huwa chekundu: yu karibu kusafiri. Akikimbizwa wakati huo hupoteza mafuta ya safari ya maelfu ya maili. Afadhali kaeni kimya ufuoni maji yanapoanza kujaa. Yatawasogeza ndege karibu nanyi yenyewe.