Elimu ya Pamoja na Vyombo vya Kisasa
(Hotuba iliyotolewa Wasso, wilayani Ngorongoro)



Sisi wa Wasso tuko mbali na Arusha, na taabu ya njia twaijua. Kwa hiyo simu na kompyuta zilipotufikia tulifurahi, tukidhani kwamba elimu nayo imewasili. Lakini chombo peke yake hakisomeshi mtu. Wanaosomeshana ni watu.

Jambo hili si geni katika nchi yetu. Mwaka 1973 Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima iliendesha kampeni ya "Mtu ni Afya" kwa njia ya redio. Kwa muda wa majuma 12, takriban watu milioni 2 walikutana katika vikundi. Viongozi wa vikundi hivyo, wapatao 75,000, hawakuwekwa ili wahutubie, bali wawawezeshe wenzao kuzungumza. Kikundi kilisikiliza kipindi, mwenye kujua kusoma akawasomea wenzake kijitabu, wakajadiliana, kisha wakaamua la kufanya. Vyoo vikachimbwa, madimbwi yakafukiwa, majani yakafyekwa. Redio ilileta maneno. Mazungumzo yakayafanya kuwa elimu, na jembe likaikamilisha.

Jirani zetu wa Ololosokwan nao, katikati ya miaka ya 2010, walipata kijiji cha kidijitali kwa ushirikiano wa UNESCO na Samsung, pamoja na darasa la kompyuta lililotumia umeme wa jua. Basi hapana shaka kwamba umbali si kizuizi. Hata hivyo kila mashine huchakaa, na kompyuta iliyofungiwa kabatini haina faida. Kinachodumu ni desturi ya watu kujifunza pamoja.

Ndugu zetu, leo tunaiona hatari nyingine. Kijana hujitenga na simu yake, huiuliza programu ya akili mnemba swali alilopewa na mwalimu, hunakili jibu, na siku ya mtihani huingia mikono mitupu. Mwenzake asiye na simu huachwa nyuma kabisa, na mara nyingi huyo ni binti aliyeshughulishwa na kazi za nyumbani. Je, tutajibu nini tutakapoulizwa juu ya amana hii?

Kwa hiyo twaomba kila mtaa uanzishe kikundi. Simu moja yatosha watu kumi. Vitabu vya shule vya Taasisi ya Elimu Tanzania vinapatikana mtandaoni. Somo lisomwe kwa sauti, kisha simu iwekwe chini, na kila mmoja aeleze alivyofahamu kwa maneno yake mwenyewe. Aliyeelewa amfafanulie mwenzake, hata kwa Kimaasai au Kitemi, kwani anayefundisha hujifunza mara mbili. Nao mabinti wapewe kikundi chao na muda kamili, na kazi za nyumbani zigawanywe kwa haki.

Mwenyezi Mungu atuzidishie elimu yenye manufaa. Amin.