NENO LA TAWI KWA VIJANA WANAOANZA CHUO



Haya ndiyo tuliyosema jana kwenye kikao cha kuwaaga vijana wetu.

Mwaka jana tuliwaaga kwa pilau na soda, kisha hatukumpigia simu hata mmoja. Kijana wetu mmoja bumu lake liliisha wiki ya tatu. Akaona aibu kutuambia, akaingia kwenye vibarua, akakosa majaribio, akadisko. Kosa ni lake, na ni letu pia.

Vijana, sikilizeni. Bumu likiingia, ligawe kwa wiki kabla hujaangalia simu mpya. Andika kila shilingi. Hesabu ya kichwani hudanganya. Mkopo wa Bodi si zawadi: ukiajiriwa utakatwa 15% ya mshahara kila mwezi. Alama za majaribio zinaingia kwenye matokeo, usisubiri mtihani wa mwisho. Ukipata sapu, rudi uifanye, usikimbie chuo. Ukikwama, sema mapema.

Nasi safari hii kila kijana tumempa mlezi mmoja wa tawi, atakayempigia kila Jumapili. Mlezi asiyepiga tutamuuliza kikaoni.

Imetolewa na Katibu wa Tawi.