Ufunguo Anao Nani?



Mtume Paulo, katika sura ya sita ya barua yake kwa Wagalatia, anatupa maagizo mawili ambayo mtu akiyasikia kwa haraka hudhani yanapingana. Kwanza anatutaka tusaidiane kubeba mizigo. Mistari michache baadaye anatukumbusha kwamba kila mtu anao mzigo wake mwenyewe. Sisi wa Choma tulisoma maneno hayo miaka mingi bila kuyaelewa, hadi siku ile tulipokwenda Tabora kulileta tela letu.

Tela hilo ni chumba kidogo cha mbao na bati kilichowekwa juu ya magurudumu. Wageni waliotupatia waliliita karavani. Neno hilo asili yake ni Kiajemi, na zamani lilimaanisha msafara wa watu waendao safari ndefu pamoja. Ndani mlikuwa na kitanda, kabati la dawa na mzani wa kupimia watoto wachanga. Lilivutwa kutoka kigango hadi kigango, na muuguzi akawapima akina mama waja wazito karibu na nyumbani kwao.

Kisha likasimama. Kigango kimoja kilisema wenzao wameliharibu. Wenzao wakajibu kwamba walilipokea likiwa limekwisha kuharibika. Kamati ilikutana, ikaahirisha, ikakutana tena. Tela likakaa miaka sita chini ya mkwaju, kuku wakitagia ndani yake. Nasi twakiri mbele yenu: katika miaka hiyo mama mmoja alishikwa na uchungu usiku, akapakiwa juu ya baiskeli, na mtoto wake hakuishi. Hatusemi kwamba tela lingemwokoa, maana halikuwa hospitali. Lakini muuguzi angemwona mapema, naye angeshauriwa kwenda kukaa karibu na hospitali kabla siku zake hazijatimia.

Msiba huo ndio uliotuamsha. Tulichanga fedha baada ya mavuno ya mpunga, tela likapelekwa kwa fundi mjini Tabora. Lilipokuwa tayari, tuliondoka saa kumi alfajiri katika gari la mkulima mmoja: mwalimu wa dini, mama wawili, vijana watatu na dereva. Tulipita Ziba, Nkinga na Ndala, tukaingia barabara kuu ya Nzega na Tabora pale Puge.

Njiani mwalimu wetu alitukumbusha kwamba nchi hii ni nchi ya misafara. Kutoka Bagamoyo hadi Tabora wapagazi walitembea karibu miezi mitatu, na mpagazi aliweza kubeba frasila mbili, yaani kilo thelathini na zaidi. Mbele alitangulia kirangozi, naye hakwenda mikono mitupu. Tusiipambe njia hiyo kupita kiasi: wengine waliipita wakiwa na minyororo shingoni, na mpagazi aliyeugua mara nyingi aliachwa nyuma. Lakini njia hiyo hiyo iliona pia uaminifu mkubwa. Mwaka 1873 Abdullah Susi, James Chuma na wenzao walifika Tabora wakiwa na mwili wa David Livingstone, aliyefariki mbali, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Hapo walikutana na Mwingereza, Luteni Cameron, aliyewashauri wauzike papo hapo. Ushauri huo ulikuwa na busara yake, kwa kuwa njia ilikuwa ya hatari. Wao wakakataa. Waliendelea na mzigo wao, wakaufikisha Bagamoyo Februari 1874.

Ndugu zangu, jiulizeni: mzigo ule ulikuwa wa nani? Ulikuwa wa wote, na kwa hiyo ungeweza kuachwa na wote. Ulifika kwa sababu kila siku palikuwa na mabega yanayojulikana yaliyokuwa chini yake.

Fundi alitupokea vizuri. Alituonyesha sakafu mpya, ekseli iliyochomelewa na matairi mapya. Kisha akatuonyesha ubao uliooza aliouondoa, akasema, “Wazee wangu, hapa juu palikuwa na tundu la msumari mmoja. Maji yalipita hapo tu. Mngeliziba mwaka ule wa kwanza, msingenihitaji.” Hakuna aliyemjibu. Kila mmoja wetu alikuwa ameliona tundu lile, na kila mmoja alidhani mwenzake ataliziba.

Tulirudi polepole. Gari lilipokwama kwenye mchanga, sote tulishuka, wenye suti na wenye kanga, tukasukuma. Tuliingia Choma jua linazama. Vigelegele vilisikika, watoto wakakimbia mbele yetu. Ndipo bibi mmoja, mama mkwe wa yule aliyepoteza mtoto, akalikaribia tela, akalishika ubavuni, akalizunguka lote. Tulitazamia atalia, au atatushukuru. Aliuliza neno moja tu: “Ufunguo anao nani?”

Swali hilo tulipaswa kuliuliza miaka sita kabla. Usiku ule ule, kabla ya kula, tuliandika zamu: jumuiya fulani mwezi huu, jumuiya fulani mwezi ujao, na kwa kila jumuiya jina la mtu mmoja mwenye kuutunza ufunguo na kukagua paa. Bibi yule aliomba zamu ya kwanza.

Hapo ndipo maneno mawili ya Mtume yalipokutana. Tunasaidiana kubeba mizigo pale tu kila mmoja anapokubali sehemu iliyo yake. Asemaye, “Ni jambo letu sote,” kisha akaenda zake kulala, ameliacha jambo hilo njiani.

Basi, ninyi waamini, na hasa ninyi walimu wa dini, tazameni katika vigango vyenu. Pampu ya kisima ikilegea, nani hukaza nati? Mgonjwa asiyeonekana kanisani Jumapili mbili, nani humwendea? Yatima wa jirani, karo yake iko mkononi mwa nani? Wiki hii msiulize ni wajibu wa nani kwa jumla. Ulizeni ufunguo anao nani. Na kama hayupo aliye nao, nyosheni mkono.

Ee Bwana, uliyeubeba msalaba wako, na njiani ukakubali bega la Simoni wa Kirene, utufundishe kujua mzigo ulio wetu, wala tusimwachie jirani tundu tuliloliona sisi. Amina.